Je, Wajua? Turbo za zamani: kanuni ziliziunda, joto likazila, karatasi zikazipandisha bei

Siku hizi hata gari dogo la kupelekea watoto shule huenda lina turbo, na mwenye gari asiwe na habari. Miaka ya 1970 na 1980 haikuwa hivyo. Neno TURBO liliandikwa mgongoni mwa gari kama cheo begani mwa askari, na aliyelisoma alijua kwamba aliyempita si mwenzake. Magari hayo yamezeeka. Mengi yaliua injini, mengine yakapinduka, mengine yakakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Yaliyosalia yanagombaniwa mnadani kwa bei za kumwacha mtu mdomo wazi, ilhali kwa kasi tupu gari jipya la familia linaweza kuyaacha nyuma mengi kati yake. Basi mnunuzi analipia nini? Soma uone.

Je, wajua kwamba turbo ilipaa angani na kusafiri majini kabla ya kufika barabarani?

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Alitambua kwamba moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure. Ukipitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, litazunguka, nalo litazungusha jingine upande wa pili linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa.

Ndege ilihitaji jambo hilo kuliko gari, kwa sababu inapopanda juu hewa huwa nyepesi na injini hukosa pumzi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipeleka injini ya ndege kwenye kilele cha Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ili kuijaribu turbo yake katika hewa hiyo nyepesi. Injini za dizeli za meli zikafuata miaka ya 1920.

Je, wajua kwamba mojawapo ya magari mawili ya kwanza yenye turbo lilihitaji kujazwa vimiminika viwili?

Mwaka 1962 Wamarekani waliingiza sokoni magari mawili ya abiria yenye turbo: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ilikuwa na injini ya lita 3.5 ya silinda nane, na hewa iliyoshindiliwa ilikuwa ya moto mno. Mafuta yalilipuka kabla ya wakati wake na injini ikagonga. Dawa waliyoipata Oldsmobile ilikuwa tangi la pembeni lenye mchanganyiko wa maji na methanoli, uliopulizwa kwenye hewa ili kuipoza.

Tatizo likawa ni wenye magari. Walikumbuka petroli, wakasahau maji. Tangi likikauka, mtambo ulibana turbo ili kuiokoa injini, na gari likawa zito. Mwishowe kampuni ilikubali kuzing'oa turbo za waliochoka na kuwafungia kabureta ya kawaida. Leo anayerekebisha Jetfire hapati shida ya bodi wala viti. Anahangaika kuitafuta ile turbo iliyotupwa pale gereji miaka ya sitini, maana bila hiyo gari lake ni Oldsmobile tu.

Je, wajua kwamba turbo ya kwanza ya Ferrari ya barabarani ni mtoto wa kodi?

Nchini Italia, gari lenye injini iliyozidi lita 2 lilitozwa kodi ya mauzo ya juu sana, asilimia 38. Ferrari ilikuwa tayari imepunguza injini yake ya V8 hadi sentimita za ujazo 1,991 ili kukwepa panga hilo, lakini gari likakosa nguvu. Mwaka 1982 wakaifungia turbo, likawa Ferrari 208 GTB Turbo lenye nguvu za farasi 220. Maserati walikuwa wamewatangulia mwaka 1981 kwa gari lenye turbo mbili, Biturbo, nalo likiwa na injini ya lita 2 kwa sababu hiyohiyo. Mtoza ushuru naye ana mkono wake katika historia ya magari ya spoti.

Je, wajua kwamba kuna gari lililoandikwa jina lake kinyume?

BMW 2002 Turbo ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1973. Kwenye kidevu cha mbele waliandika "2002 turbo" kwa herufi zilizogeuzwa, ili dereva aliye mbele akitazama kioo chake azisome sawasawa na apishe njia. Mzaha huo haukuchekesha muda mrefu. Oktoba mwaka huohuo nchi za Kiarabu zilikata mafuta, bei ikapaa, na Novemba Ujerumani Magharibi ikapiga marufuku kuendesha gari siku za Jumapili kwa wiki kadhaa. Nani angenunua gari la kunywa petroli na kuwafukuza wenzake barabarani? Yalitengenezwa magari 1,672 tu, kisha kazi ikasimama. Uchache uliokuwa hasara kwa kiwanda ndio faida ya mwenye nalo leo.

Je, wajua kwamba Porsche 911 Turbo ilipewa jina la "mtengeneza wajane"?

Gari hili, lijulikanalo kwa namba yake ya kiwandani 930, lilionyeshwa Paris mwaka 1974 na kuingia sokoni mwaka 1975 likiwa na injini ya lita 3 na nguvu za farasi 260. Mwaka 1978 injini ilipanuliwa hadi lita 3.3, ikaongezewa kipoza hewa, nguvu zikafika 300.

Jina lile baya lina sababu mbili zilizokutana. Kwanza, turbo ya enzi hizo ilichelewa. Dereva anakanyaga mafuta, hakuna kitu. Anakanyaga zaidi, bado. Halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo. Pili, injini ya 911 imekaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Nguvu zikifika katikati ya kona, dereva huogopa na kuachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko na gari linageuka kutazama lilikotoka.

Muda wote huo lilikuwa na gia nne. Gia ya tano ilikuja mwaka 1989, mwaka wa mwisho wa gari hilo. Ndiyo maana 930 ya mwaka huo huulizwa kwa jina, na huuzwa ghali kuliko dada zake wa mwaka uliotangulia.

Je, wajua kwamba turbo nyingi huuawa baada ya safari kwisha?

Ndani ya turbo kuna shafti nyembamba inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja unapigwa na moshi wa petroli wenye joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, upande wa pili unavuta hewa ya kawaida. Shafti hiyo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Dereva aliyetoka mbio akizima injini hapo hapo, pampu ya oili nayo husimama. Oili iliyobaki mle ndani hukaangika, ikawa masizi magumu yanayoziba njia. Safari inayofuata, shafti inazunguka bila oili ya kutosha. Ndiyo asili ya ile desturi ya kuacha injini iungurume polepole kidogo kabla ya kuzima.

Mtazame fundi anayejua kazi yake akikagua turbo ya zamani. Haanzi na kompyuta. Anafungua bomba la kuingizia hewa, anashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, anaitikisa juu na chini, kisha anaivuta na kuisukuma. Ikicheza kidogo kwenda pembeni si neno, kwa sababu ile nafasi ndiyo ya oili. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta wa nyumba yake, beringi imekwisha. Halafu anapitisha kidole ndani ya bomba. Oili ikijaa kidoleni, na moshi wa buluu ukitoka kwenye ekzosi, mnunuzi anajua bei ya kushusha.

Je, wajua kwamba magari mengi ya thamani yalitengenezwa ili kutimiza hesabu tu?

Miaka ya 1980 kanuni za mbio za Kundi B zilisema: ukitaka kushindana, tengeneza kwanza magari 200 ya aina hiyo. Viwanda vikatengeneza, vikauzia raia mashine ambazo hazikuwa na kazi yoyote mjini. Peugeot 205 Turbo 16 na Lancia Delta S4 zimezaliwa hivyo. Baada ya ajali mbaya za mwaka 1986, ikiwemo iliyowaua Henri Toivonen na msomaji ramani wake Sergio Cresto huko Corsica, Kundi B likafutwa.

Ferrari 288 GTO ya mwaka 1984 iliandaliwa kwa Kundi hilo na haikuwahi kushindana humo. Yalitoka magari 272, yakanunuliwa yote. Uingereza nako Ford ilitengeneza Sierra RS500 Cosworth magari 500 mwaka 1987, yote usukani wa kulia, ili ipate kibali cha mbio za viwanjani. Lilikuwa gari la bei ya chini ya pauni 20,000. Mwaka 2023 moja lililotembea maili chache liliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 590,000.

Je, wajua kwamba rangi nzuri kupita kiasi inaweza kushusha bei ya Ferrari F40?

F40 ilizinduliwa mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya Ferrari, na ndiyo gari la mwisho la kampuni hiyo kupata idhini ya Enzo Ferrari mwenyewe, aliyefariki Agosti 1988. Halina redio wala zulia. Mlango unafunguliwa kwa ndani kwa kuvuta kamba. Bodi yake ni ya nyuzi za kaboni na Kevlar, na kiwanda kiliipaka rangi nyembamba sana ili kupunguza uzito. Ukiinama karibu na mlango kwenye mwanga mzuri, unaona nyuzi zilivyofumwa chini ya ule wekundu.

Fundi wa rangi asiyeijua historia hii huona ile michirizi kuwa kasoro. Anapiga puti, anapaka tabaka juu ya tabaka, gari linang'aa kama kioo, na mwenye gari amepata hasara. Mnunuzi mjuzi akikosa kuona ule mfumo wa nyuzi huuliza mara moja: liligongwa wapi? Matangi ya mafuta nayo ni mifuko ya mpira inayohitaji kubadilishwa takriban kila miaka 10, hata kama gari halikutembea. Kampuni ilikusudia kutengeneza magari 400, ikaishia na zaidi ya 1,300, na bado leo F40 safi huuzwa zaidi ya dola milioni 2.

Je, wajua kwamba Toyota Celica ya turbo ilibatizwa "Mfalme wa Afrika"?

Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya themanini magari mepesi ya Ulaya yenye turbo na magurudumu manne ya kuvuta yalitawala mbio za Ulaya, lakini vumbi, mawe na joto la Afrika Mashariki viliyashinda. Toyota walileta Celica Twincam Turbo, gari la kuvuta kwa nyuma tu, gumu kama mpingo. Likashinda mwaka 1984 na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 tena na Waldegård. Mwaka 1990 Mkenya Patrick Njiru naye akaandika historia kwa Subaru Legacy ya turbo: gari la kwanza la Kundi N, yaani lisilobadilishwa sana, kumaliza Safari Rally.

Toyota hiyohiyo iliaibika mwaka 1995. Wakaguzi waligundua kwamba kizuizi cha hewa kwenye turbo za Celica zao za mbio kilikuwa na mtego: kikifungwa kilijisogeza na kuruhusu hewa ya ziada, kikifunguliwa kikaguliwe kilirudi mahali pake. Walifungiwa mwaka mzima. Hata hivyo Max Mosley, mkuu wa shirikisho la mbio wakati huo, alikiri kwamba hakuwahi kuona ujanja uliotengenezwa kwa ustadi namna ile.

Je, wajua kwamba Wajapani walikubaliana kutaja nguvu pungufu?

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 hadi 2004, watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yasiyo ya kisheria: hakuna gari la soko la ndani litakalotangazwa kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Nissan Skyline GT-R na Toyota Supra zote zikaandikwa 280. Waliozipima wenyewe waliona namba nyingine kabisa. Injini ya Supra, 2JZ-GTE, ilikuwa na bloku ya chuma nzito iliyostahimili kuongezewa nguvu maradufu, na vijana wakaigundua siri hiyo.

Injini hiyo haikuishia kwenye Supra. Ilifungwa pia kwenye Toyota Aristo, gari la wakubwa la milango minne ambalo limepita sana kwenye bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba Bill Gates alisubiri gari lake kwa takriban miaka 13?

Alinunua Porsche 959, gari lenye turbo mbili na magurudumu manne ya kuvuta, ndugu wa lile lililoshinda Paris–Dakar mwaka 1986. Marekani ilidai magari manne ya kugongesha ukutani kwa majaribio ya usalama, Porsche ikakataa kuyatoa, na la Gates likakaa forodhani San Francisco. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria ilirekebishwa kuruhusu magari machache yenye umuhimu wa kihistoria au kiufundi, kwa sharti la kutozidi maili 2,500 kwa mwaka.

Wasio mabilionea hungoja gari litimize miaka 25, ndipo masharti hayo ya usalama yanapoondoka. Kwa hiyo Skyline R32 zilianza kuingia Marekani kihalali mwaka 2014, na R34 mwaka 2024. Wafanyabiashara waliijua tarehe hiyo miaka mingi kabla. Walinunua R34 Japani, wakaziweka ghalani, na bei ikapanda hata kabla meli haijang'oa nanga.

Je, wajua kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma huweza kuwa na thamani kuliko injini yenyewe?

Wakusanyaji hulipa zaidi kwa gari ambalo injini yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Fundi anaweza kukufungia injini nzuri kuliko ya kwanza, lakini namba zisipolingana na kumbukumbu za kiwanda, bei inashuka. Tangu mwaka 2006 Ferrari ina idara yake, Classiche, inayokagua magari ya zamani na kutoa hati kwamba chesi, injini na gia ni za asili.

Udanganyifu nao haukosi. Supra nyingi ziliuzwa bila turbo, zikafungiwa turbo baadaye na kutangazwa kuwa za asili. Gari linaweza kukimbia vizuri kabisa. Bei yake, hata hivyo, ni ya gari lililobadilishwa.

Je, wajua kwamba kioo cha ziada kinaweza kuongeza bei?

Ford Escort RS Turbo ya kwanza iliuzwa kwa rangi nyeupe. Binti Mfalme Diana alipotaka moja mwaka 1985, walinzi wake waliomba ipakwe nyeusi ili isivute macho, na ikaongezewa kioo cha pili cha nyuma kwa ajili ya mlinzi aliyeketi pembeni. Agosti 2022 gari hilo liligongewa nyundo kwa pauni 650,000, kabla ya ada ya mnada. Mwaka 2021 Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika katika filamu ya "The Fast and the Furious" ya 2001 iliuzwa Las Vegas kwa dola 550,000. Escort au Supra nyingine yenye injini ileile haifiki huko. Tofauti ni ushahidi wa nani aliishika.

Je, wajua kwamba viwanda vimerudi kutengeneza spea za magari viliyoyaacha?

Mwaka 2017 Nissan ilianza kutoa upya vipuri vya Skyline GT-R R32, kisha R33 na R34. Toyota ikafuata mwaka 2020 kwa Supra za kizazi cha tatu na cha nne. Pirelli nayo hutengeneza matairi yenye sura na vipimo vya zamani kwa mpira wa kisasa.

Matairi hayana mzaha. Gari lililolala gereji huonekana jipya, na pengine linasimama juu ya mpira uliokauka. Tazama ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi DOT, utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2306 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2006. Hata kama kashata zake zimejaa, usiliamini kwenye gari la farasi 300.

Je, wajua kwamba hili linakuhusu hata kama huendi mnadani?

Kenya hairuhusu kuingiza kwa kawaida gari lililopita miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari la umri huo. Maana yake ni kwamba turbo za miaka ya 1980 na 1990 zilizopo hapa ni zile zilizokwisha kuingia. Nairobi huwa na mashindano ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambako majaji hukagua bodi, injini na hata uvungu wa gari kutafuta kutu na oili inayovuja.

Kwa hiyo kama mzee wako ana Celica, Legacy au Lancer ya turbo nyuma ya nyumba, usiharakishe kumwita mnunuzi wa chuma chakavu. Anza na kazi isiyo na gharama: soma namba ya chesi na ya injini, zilinganishe na kadi ya gari, kisha kusanya risiti, vitabu vya sevisi na picha za zamani, uviweke pamoja mahali pakavu. Rangi na injini vinaweza kungoja fundi na fedha. Karatasi zikishaliwa na mchwa, hakuna gereji itakayokutengenezea nyingine.